Baba, Nimechagua Tena Majini

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ulinilea hivyo na sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza nawe. Hata hasira zangu zote kwako nilizianza kwa shikamoo, na nadhani ndiyo maana hukuwahi kuzisikia.

Fomu ya mafunzo ya likizo imetoka tena hapa chuoni. Unaikumbuka? Kila mwaka, kabla ya likizo ndefu ya kiangazi, sisi wanafunzi wa uafisa tunapewa karatasi yenye orodha: mafunzo ya milimani, ya mawasiliano, ya kuhudumia majeruhi, ya majini. Unachagua moja, unaeleza unachokijua, wakufunzi wanapitisha au wanakataa. Ukifanya vizuri, inakusaidia kupangiwa kikosi unachokitaka siku ya kuvishwa nyota. Ukifanya vibaya, inaandikwa kwenye faili, na faili la jeshi halina huruma ya mzazi. Natakiwa kuirudisha kesho saa sita mchana. Nimeiweka mezani tangu asubuhi, na badala ya kuijaza nakuandikia wewe.

Mwaka jana nilitaka mawasiliano. Nilikupigia simu kukuomba baraka, kama mtoto mwenye adabu anavyofanya. Ulikuwa mwaloni Kibirizi, mitumbwi inakoshusha dagaa, nikisikia nyuma yako wapagazi wakipigizana kelele na mama mmoja akigombea ndoo yake ya dagaa. Uliposikia neno redio ukacheka mpaka ukakohoa. Ukaniuliza, mtoto wangu mimi aende akajifunze kuongea na waya, watu wa Kibirizi watanionaje? Ukasema niandike majini. Nikakuambia polepole kwamba kule wanataka mtu anayejua kuogelea.

Ukasema, "Si nilikufundisha pale kwenye mawe?"

Baba, nilidhani unatania. Nilingoja ucheke tena. Hukucheka, ulikuwa unangoja jibu, na nikaelewa kwamba unaamini unachosema.

"Ndiyo, baba," nikajibu.

Ngoja nikukumbushe, maana wewe ulisahau na mimi sikupata bahati hiyo. Kila Jumapili ulikuwa unatoka nyumbani kwetu Gungu na dumu la njano la mafuta ya kula begani, unashuka ziwani hadi kwenye mawe, kule ng'ambo ya mialo ya wavuvi. Watoto wa kiume wa mtaa mzima walikufuata. Unamfunga mtoto dumu kifuani kwa kamba ya nyavu, unamsukuma kwenye kina, unamwambia apige miguu na asigombane na maji. Wiki ya tatu unalifungua dumu bila kumwambia. Kaka Ramadhani alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Walikuja wa Mwanga, wa Ujiji, hata mtoto wa daktari mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, aliyekuwa akitetemeka akiona maji ya beseni.

Mimi nilikuwa mchangani na mama, nageuza dagaa. Ukigeuza dagaa unalipa ziwa mgongo, kwa sababu kunguru wanatokea upande wa nyumba na mbuzi pia. Kwa hiyo nilikua nikisikia vicheko vyenu bila kuwaona. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuja pale kwenye mawe na gauni langu, nikakuomba zamu. Ulinitazama kwa upole, hilo sitalikana, ukaniambia, "Kazi yako iko mchangani, mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu. Ukanikatia kipande cha muwa, nikarudi kwenye dagaa. Nilikula ule muwa nikilia, na mama akaniambia ninyamaze, watu wanatazama.

Hiyo ndiyo siku uliyonifundisha kuogelea.

Hapa chuoni kuna bwawa, na jioni kulikuwa na darasa la wasiojua maji. Walijiandikisha watu wa Dodoma, wa Singida, wa Manyara. Mimi nitajiandikishaje? Mkufunzi akiuliza umetoka wapi, ukimjibu Kigoma anaruka jina linalofuata. Wenzangu walikuwa wananiita Dagaa. Niliona aibu, nikawa nakaa ukingoni na taulo, nawapa wenzangu moyo. Neema, rafiki yangu wa Dodoma, aliyekuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya lambo la ng'ombe, alikuwa ananiuliza mimi kama anapiga miguu sawasawa. Nikamjibu kwa maneno yako.

Ndipo nikaandika majini kama ulivyotaka, tukapelekwa huko huko nyumbani, kwenye kambi ya kando ya ziwa, karibu na Kibirizi. Siku ya kwanza ilikuwa ya kupimwa kuogelea, mmoja mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, wallahi. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi. Lakini sajini aliyekuwa anapima ni mtu wa Ujiji. Alisoma jina langu, akasoma na la baba, akasimama. Akawageukia wenzake akawaambia kwamba huyu ni binti wa mzee aliyemfundisha yeye mwenyewe maji, na kumpima huyu ni kumtukana mzee. Akaweka alama ya vema. Akanipigia saluti ya utani, watu wakacheka, na ile sentensi yangu nikaimeza.

Mtu wa mahali pengine angenipima. Ni mtu wa kwetu tu angeweza kufanya kosa lile, kwa heshima yako.

Wiki za mwanzo tulivaa majaketi ya kuelea; ya mwisho tuliingia botini bila hayo, wale tu wenye alama ya vema. Amri ilikuwa kuruka na kuogelea hadi ufukweni, umbali wa kama uwanja wa mpira. Niliruka, baba. Sijui niliwaza nini. Labda nilidhani damu yako itapiga miguu yenyewe. Nakumbuka maji yakiwa ya kijani, halafu meusi, na nakumbuka nikikuita. Aliyenitoa ni Neema, aliyekuwa amejifunza bwawani na kuchagua majini kama mimi. Alinishika chini ya kwapa, akanivuta hadi mchangani, nikatapika mbele ya wavuvi na wanunuzi waliokuwa wamekuja kutazama wanajeshi. Mama mmoja aliuliza kwa sauti, huyu si mtoto wa Mzee Hamisi?

Nilipelekwa mbele ya wakuu watatu. Aliyeongoza alikuwa kapteni, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Aliniuliza ni nani alisema najua kuogelea. Ningeweza kumtaja sajini. Ningeweza kukutaja wewe. Nikasema ni mimi. Akaniambia kutojua maji si kosa, kuogelea kunafundishika kwa wiki mbili. "Lakini afisa anayenyamaza kwa aibu ataua askari wake," akasema. "Hilo ndilo naliandika." Akaliandika, na akaniambia likiandikwa mara ya pili nitarudi nyumbani nikauze dagaa. Hakujua kwamba alikuwa anataja kazi yangu ya kwanza.

Nilipewa siku mbili za kupumzika, nikaja Gungu. Ulikuwa umekaa barazani unashona nyavu. Habari ulikuwa nayo tayari, mji wetu ni mdogo. Nilikaa chini, nikakuamkia, nikakwambia kitu ambacho nilikuwa nakifanyia mazoezi njia nzima: kwamba hukuwahi kunifundisha. Sikutaka uniombe radhi. Nilitaka ukumbuke tu. Nilitaka uniambie: "Ni kweli, ulikuja na gauni lako, nikakupa muwa."

Uliuma uzi kwa meno, ukafikiri kidogo, ukasema, "Basi labda ni kaka yako aliyekufundisha."

Kisha ukaniuliza kama nimekula.

Mvua zilipoanza kiharusi kikakuchukua. Nilifika siku ya maziko yenyewe, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Nilikuwa ndani na kina mama, na wanaume walipotoka kukuzika walikaa chini ya turubai wakaanza kukusifu. Alisimama mmoja akasema ulimfundisha maji, na bila wewe asingekuwa nahodha. Akasimama mwingine akasema mtumbwi wao ulipopinduka yeye peke yake alifika nchi kavu, kwa sababu yako. Sajini naye alisema yake. Mtoto wa daktari alipiga simu kutoka huko aliko, ikawekwa sauti ya juu. Kina mama walinikumbatia wakaniambia nijivunie. Nililia sana, baba, na wote walidhani wanajua kwa nini.

Sijakusamehe bado. Nimejaribu, nimekuombea dua, nimetoa sadaka kwa jina lako, lakini nikifika pale kwenye lile neno lako, "labda", nakwama. Mtu anaweza kuninyima kitu, nikavumilia. Wewe ulininyima, kisha ukasahau kwamba ulininyima, kisha ukanituma nikakitumie mbele za watu.

Kapteni ameniita jana. Amenishauri kwa wema kabisa nichague mawasiliano mwaka huu, mambo yapoe, nipate nyota zangu kwa amani. Nikitaka majini nitaanza na darasa la wasiojua, wiki mbili, kambi ile ile, na watazamaji wale wale wa Kibirizi. Na mwalimu wa darasa hilo ni sajini yule yule wa Ujiji. Nimemshukuru kapteni. Mawasiliano ndiyo niliyoyataka tangu mwanzo, na ningeyafanya vizuri. Lakini nimechoka kugeukia upande wa nyumba.

Nimeweka tiki kwenye majini. Safari hii hukunisukuma wewe, na sikukupigia simu.

Juu ya fomu kuna nafasi ya jina langu, chini yake jina la mzazi, chini yake uwezo wa kuogelea. Nimeandika majina yako yote matatu, kwa herufi kubwa, yasomeke vizuri. Kwenye mstari unaofuata nimeandika: Sijui. Sikufundishwa. Fomu za majini anazipokea sajini. Ataanza kwa kusoma jina lako, atatabasamu, halafu atashuka mstari mmoja.

Mungu akulaze pema, baba. Nakupenda, na bado nimekasirika.

Binti yako