Faili la Mashine Kuukuu

Mutheu mjukuu wangu,

Huku Kilungu tuko salama, machungwa yameiva. Unauliza kwa nini programu yako ilikataa kufunguka ulipoweka mfumo mpya kwa kompyuta.

Hata mimi yalinipata miaka ya tisini, nikichapa nyimbo za kanisa. Tuliletewa kompyuta mpya, programu ya nyimbo ikagoma: ilitaka faili la zamani. Fundi akalitoa kwa mashine yetu kuukuu, akaliweka badala ya jipya lililokuja na kompyuta. Nyimbo zikafunguka, printa nayo ikagoma!

"Sasa mgonjwa ni nani?" nikauliza.

"Hakuna mgonjwa, mama. Kila mmoja anataka chungu chake."

Akarudisha jipya, lile la zamani akaliweka kando ya programu ya nyimbo. Zote zikakubali.

Mpaka leo sijaelewa. Mashine kuukuu iko chini ya kitanda changu. Naogopa kuitupa, sijui nani bado anaitegemea.

Ni mimi, susu wako.