Hatua ya Nne

12 Januari

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu, nikitumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha. Sisi hapa hatujambo. Goti langu linanikumbusha umri kila ninapoinuka, lakini tumezoeana. Kaka yako amesimama begani mwangu hivi sasa, anataka niandike kwamba ana viatu vipya. Basi nimeandika.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Jambo hili lina kona nyingi, na simu hukata kona. Nivumilie.

Unajua kazi ya hospitali ni nini kwa Meneja. (Nami sasa namwita kaka yako hivyo, maana kule hakuna anayemwita vinginevyo.) Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, ambaye shuleni waliniambia hafundishiki, leo mwaka wa nne anakunja mashuka katika chumba cha kufulia, pembe kwa pembe, na akiona shuka la mwenzake limepinda hulikunjua akalikunja upya bila kuulizwa. Ndiyo asili ya jina.

Taabu ni lile gari dogo la huduma linalowachukua watu wenye ulemavu milangoni mwao. Naliomba kwa simu siku moja kabla, nao hunijibu kwamba litafika kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Wewe ndiye mtaalamu, lakini mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na najua kwamba mtu anayeanza kazi saa mbili hawezi kuchukuliwa kwake saa mbili. Meneja husimama dirishani amevaa koti. Juzi alisimama mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zake. Likifika, huzunguka kwanza kuwachukua wengine watano. Mwezi uliopita alichelewa mara saba.

Mkuu wa chumba cha kufulia, mama mpole wa maneno machache, ameniandikia. Kuanzia Februari, kaka yako akichelewa mara tatu zaidi kabla ya Machi kwisha, nafasi yake itapewa mtu mwingine, kwa sababu wodi haziwezi kungoja mashuka. Simlaumu. Nauliza tu: wewe unayefanya kazi katika ofisi kuu inayopanga magari hayo, unanishauri nini?

Baba yako


25 Januari

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Naomba goti ulipeleke kwa daktari, usiliachie mazoea. Mwambie kaka nataka kuviona hivyo viatu.

Nitakwambia kitu ambacho hatukisemi nje ya ofisi. Orodha ya magari hupangwa upya kila siku, na anayepiga simu kulalamika husogezwa juu. Watu kama kaka hawapigi simu, wanangoja dirishani. Kwa hiyo wanateremka mpaka chini ya orodha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia. Nimekaa hapa miaka sita, na sikuwahi kuliona hivyo hadi niliposoma habari ya kile kioo.

Siwezi kulibadilisha gari dogo kwa mwezi mmoja. Lakini kuna mpango wa majaribio katika njia chache za mabasi ya kawaida, na njia inayopita karibu na nyumbani ni mojawapo. Kila basi limewekwa picha kando ya namba; lenu lina mwavuli mwekundu. Madereva wamefundishwa kutaja vituo kwa sauti, na kutoondoka kabla abiria hajakaa. Anayejifunza hupewa kadi ya kuvaa shingoni, nayo ndiyo tiketi yake.

Anatakiwa mtu wa kumfundisha njia. Hatua ni nne. Kwanza mnakaa pamoja. Pili mnapanda basi moja lakini mnakaa mbalimbali. Tatu unamfuata nyuma tangu nyumbani. Nne unabaki nyumbani. Sina haja ya kutafuta mwalimu, ninaye.

Binti yako


16 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo na kazi haijakuelemea. Sisi tu wazima, na nina mengi ya kusimulia, kwa hiyo kaa vizuri.

Tumesoma. Basi letu ni la saa moja kasoro dakika kumi, nalo humfikisha hospitali saa mbili kasoro dakika ishirini. La pili hupita saa moja na nusu, na hilo halitufai, kwa kuwa humfikisha saa mbili na dakika ishirini. Dereva wa asubuhi ni mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Kaka yako humsalimu, kisha husalimu kila kiti, mstari kwa mstari. Siku ya tatu basi zima lilikuwa linaitikia. Bwana mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akamwuliza dereva kama huyu ndiye konda. Dereva akamjibu, "Huyu ni Meneja." Yule bwana akalikunja gazeti lake na kukaa vizuri.

Nilimfundisha kuhesabu alama badala ya vituo: tangi la maji, kinyozi, kisha ukuta wenye bango la dawa ya meno, hapo bonyeza kengele. Wiki ya kwanza mambo yakawa shwari. Wiki ya pili bango likabanduliwa, likawekwa la rangi za nyumba. Meneja akakataa kushuka. "Hapa sipo," akasema, na tukapitiliza vituo viwili tukibishana. Kosa ni langu. Waambie wenzako ofisini: alama ya njia isiwe kitu kinachobandikwa. Sasa tunatumia mnara wa hospitali yenyewe, nao sidhani kama kuna mtu wa kuubandua.

Hatua ya pili ilikwisha haraka. Ya tatu inakwisha Ijumaa hii. Nilikuwa namwacha atangulie, kisha namfuata nikiwa na kofia ya sufu niliyoishusha mpaka masikioni, nikikaa kiti cha nyuma kabisa. Hageuki hata kidogo. Jumatatu naanza hatua ya nne.

Baba yako


27 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini, na mkubwa wangu, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, alicheka.

Kuna jambo nataka ulijue. Familia kumi na mbili za mji wenu zimeomba nafasi katika mpango huu. Kamati itakaa mwanzoni mwa Aprili kuamua uendelee au ufutwe. Wapo wasemao kwamba watu wenye ulemavu wa akili mahali pao ni gari dogo tu, na kwamba basi la kawaida ni kuwatafutia balaa. Nimeandika kwamba kuna mtu mmoja anayesafiri mwenyewe kila asubuhi na anafika kwa wakati. Sikutaja kwamba ni kaka yangu.

Nisalimie kaka sana. Na goti je?

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Salamu. Afya si mbaya, ila goti limevimba wiki hizi na ngazi nazipanda kama mbeba mzigo. Hayo si kitu.

Nakuandikia kwa uchungu. Kaka yako amechelewa mara mbili ndani ya siku sita. Mkuu wa chumba cha kufulia amenipigia simu, na kwa sauti yake nilijua haoni raha kunipigia. Imebaki mara moja. Mara moja, mwanangu, na Machi ina siku ishirini na mbili mbele.

Meneja hutoka hapa saa kumi na mbili na nusu, hachelewi hata dakika. Kituo ni mwendo wa dakika kumi na moja. Maana yake anafika mapema, na hata hivyo anapanda lile la saa moja na nusu. Kwa mtu anayejua kutoa na kujumlisha, jibu ni moja: basi linampita. Yule mama dereva anamwona amesimama na kadi shingoni, na anakanyaga mafuta. Nimemwuliza Meneja kama basi halisimami. Anasema linasimama. Nimemwuliza basi kwa nini hapandi. Anakwenda kupanga viatu. Anamkingia kifua, kwa sababu anampenda.

Nataka dereva huyo aitwe ajieleze. Sikutarajia kutumia wadhifa wako, lakini nautumia.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole ya goti.

Nimezungumza na dereva. Alishangaa, kisha akaumia, kisha akanieleza, nami nayaandika kama alivyoyasema.

"Mimi simpiti. Nafungua mlango, namwambia Meneja panda. Ananiambia, nenda tu mama, yule mzee bado hajafika. Namwuliza mzee gani. Ananionyesha barabarani. Kuna mzee mmoja anakuja anachechemea, ameshusha kofia mpaka usoni, simtambui, na akiona basi anajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti. Sasa mimi nina abiria arobaini, nitangoja mpaka lini?"

Baba, hukubaki nyumbani. Hukuwahi kubaki.

Wewe uliwafundisha watoto wa watu kwamba hesabu ikikataa, uanze kukagua kile ulichodhani hakihitaji kukaguliwa. Wiki za mwanzo ulikuwa unawahi. Goti lilipovimba ukaanza kuachwa na mwendo wake, na yeye akaanza kukungoja. Halali yako kuogopa. Nami ninaogopa, tena nikiwa mbali, nimekuachia wewe miaka yote hii kisha nikaandika ripoti nzuri. Lakini imebaki mara moja. Anaipoteza kazi kwa sababu hataki kukuacha.

Tafadhali nijibu.

Binti yako


27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua, na simu inaita tu bila kupokelewa. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, nitasoma. Ofisini wananiuliza habari za yule abiria wangu na sina la kuwaambia. Jirani anasema anakuona uani asubuhi, kwa hiyo najua u mzima.

Bado ana kazi?

Binti yako


3 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na, kabla ya salamu, ombi langu la radhi. Sikukasirika. Niliona aibu, na aibu ya mzee haina haraka. Simu nilikuwa naiacha mezani ilie. Nilijua ni wewe, maana mkuu wa chumba cha kufulia tulikubaliana anipigie kabla ya saa mbili na robo tu, endapo Meneja hajafika.

Nilikudanganya, si kwa kusema bali kwa kuacha kusema, ambao ni uongo wenye adabu lakini ni uongo. Jumatatu ile nilikaa kitini kama ulivyoagiza. Nilikaa dakika nne. Kisha nikavaa kofia. Nyuma ya kile kibanda sikuuona mlango ukifunguliwa, niliona tu basi likiondoka bila yeye, nikamlaumu dereva.

Barua yako ilipofika nilimketisha kaka yako mezani, nikamwuliza alijua tangu lini kwamba nipo nyuma yake. Akasema tangu siku ya kwanza, kwa sababu goti langu linalia. Nikamwuliza, basi kwa nini aliacha mabasi yaondoke.

"Wewe bado unajifunza, Baba," akasema. "Mama dereva alisema anayejifunza haachwi."

"Na kazi yako je?"

"Kazi ni kazi," akasema. "Lakini ungepotea."

Nilimwambia naijua njia. Hakukubali. Alisema kila mtu anasema hivyo. Kwa ufupi, alitaka kunipima.

Jumamosi tulikwenda. Yeye alikaa kiti cha nyuma, mimi mbele karibu na dereva, ambaye nilimwomba radhi mbele ya watu na akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilitakiwa kutaja alama kwa sauti. Nilibonyeza kengele mapema, nikasahihishwa kutoka nyuma, na basi likacheka. Wakati wa kurudi alinipandisha peke yangu, yeye akangoja linalofuata. Nikashuka kituoni kwetu nikasimama pale kumngoja, na ndipo nikajua dakika arobaini za mtu anayengoja zina urefu gani. Alishuka, akanipa mkono kama mkuu wa shule. "Umefaulu," akasema. "Sasa kaa nyumbani."

Nimekaa. Jumatatu ya kwanza nilikaa nikiishika simu kwa mikono miwili mpaka saa mbili na robo ikapita, na ikawa kimya. Sikujua kwamba kimya kinaweza kuwa habari njema kiasi kile. Ya pili niliishika kwa mkono mmoja. Machi imekwisha na ile mara ya tatu haikutokea. Mkuu amenitumia karatasi yenye mistari miwili: Meneja anabaki, na wodi zinashukuru.

Ukienda kwenye kamati, usiseme kwamba mpango umefaulu tangu mwanzo, maana si kweli, na zile familia kumi na mbili zinastahili ukweli. Taja jina langu. Sema kwamba abiria alijifunza kwa mwezi mmoja na mzazi wake kwa miwili. Waombe katika ile hatua ya nne watenge mtu wa kuketi na mzazi nyumbani asubuhi za mwanzo, aongee naye, amshike asivae kofia. Mimi niko tayari kuwa huyo mtu. Familia mbili zinakaa mtaa wa pili, nafika kwa miguu, polepole.

Jana alipofika nilimwuliza safari ilikuwaje. Alikuwa anavua viatu. Akaniambia kwamba mama mmoja mwenye mizigo alitaka kukaa kile kiti cha nyuma kabisa, akasita, akauliza kama kina mtu.

"Nikamwambia akae," akasema. "Nikamwambia kilikuwa cha baba, ila alimaliza."

Baba yako