Nilivyolisifu Gari la Umeme

Ndugu yangu, uko? Mpwa wangu kaniuza. Mchana kweupe, mbele ya madereva wake wote!

Si aliniomba nilijaribu lile gari jipya la abiria, la umeme? Leo kanisimamisha kikaoni: “Mjomba, hebu waambie linavyopunguza gharama.”

Na mdomo wangu huu! Nikasema halinywi mafuta, halidai oili, breki haziliki ovyo, mwezi mzima halijamwona fundi. Wakapiga makofi.

Akadakia: “Mmesikia kwa mjomba mwenyewe. Tunanunua mengine kama hilo, na gereji yetu tunaifunga.”

Tunaifunga! Kumbe alishaamua zamani, alikuwa anatafuta mdomo wa kusemea tu.

Fundi wa gereji alikuwa nyuma yangu. Yule yule aliyenipa kona ya stoo yake ya gereji nilale, nilipofika hapa na begi moja baada ya miaka ya kutangatanga. Akaniuliza taratibu: “Mzee, umezunguka dunia yote uje unikoseshe kazi mimi?”

Nikamwambia sikujua. Wallahi sikujua. Akaelekea gereji.

Nimerudi stoo sasa hivi. Begi langu liko nje, mlangoni. Ile zipu yake mbovu fundi kaitengeneza kwanza, ndipo akalitoa.