Jagi la Maua Mbele ya Mgeni

Iftin, Garissa. Alhamisi, 13 Machi 1997. Jua kali, vumbi tangu asubuhi.

Assalamu alaykum, Mwanajuma. Hujambo, mwenzangu? Mama yako huko Masalani amepata nafuu ya miguu? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mvua ndiyo hatujaiona. Nakutumia kurasa za shajara yangu za wiki hii kama tulivyozoea tangu tulipomaliza shule, lakini hizi zisome ukiwa umekaa. Si msiba wa mtu, usishtuke.

Dahabo amekufa.

Yule paka wangu wa manjano, ambaye ulinicheka kwa kumpa jina la mtu. Amekufa Jumanne alfajiri, na aliyemuua ni mimi.

Jumatatu tulikuwa na wageni. Mama Saadia, mamake kijana anayemposa Hodan wangu, alikuwa anakuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza na wanawake wa ukoo wao. Unazijua ziara za namna hiyo. Wanasema wamekuja kunywa chai, kumbe macho yanakagua mpaka nyufa za ukuta. Nilifagia, nikafukiza ubani, nikatandika mikeka mipya, na bado chumba nikakiona kikavu. Sijui shetani gani alinikumbusha meza ya mke wa mwalimu mkuu, ile yenye maua ndani ya jagi la kioo.

Na maua utayapata wapi Garissa mwezi huu? Ni yale tu ya barazani kwangu. Baba Hodan aliniletea mwaka juzi kutoka njia ya Wajir ule mti mfupi wa porini, shina limevimba kama kibuyu, unaotoa maua mekundu mepesi wakati kila kitu kimekauka. Wengine huuita waridi la jangwani. Niliupanda ndani ya kopo la mafuta ya msaada, yale yanayokuja sokoni kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo. Kwamba utomvu wake ni sumu, hilo nalijua tangu utotoni. Pande za kwenu wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Nani asiyejua?

Lakini mimi ni binti wa wafugaji. Nimechunga mbuzi, na hata kiangazi kibaya sikuona mbuzi akiugusa mti ule. Walikuwa wanaupita kama hawauoni. Nikakua nikiamini kwamba mnyama anayajua majani yake, Mungu amempa akili hiyo, sisi hatuna haja ya kumlinda. Na Dahabo mwenyewe amelala chini ya kopo lile siku zote bila kuuma jani.

Basi nikakata matawi, nikayatia ndani ya maji.

Kugeuka, namwona Dahabo juu ya meza, kichwa ndani ya jagi, anakunywa. Alikuwa na watoto wawili wananyonya, na mwenye kunyonyesha ana kiu. Ningemfukuza tu, Mwanajuma. Ningepiga kofi moja hewani. Lakini tumefundishwa paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, na mimi hata akionja maji yangu ya udhu natawadha nayo hayo hayo. Tangu nimfuge sijamfukuza kwenye chombo cha maji. Nilikuwa nahesabu jambo hilo kama thawabu yangu ndogo.

Nikamwambia, "Kunywa, mama," nikaenda kutazama sambusa.

Jani hakulila. Jani alilijua. Maji ndiyo hakuyajua, kwa sababu maji siku zote yalitoka kwangu.

Wageni wakaja, chai ikanywewa, mazungumzo yakawa matamu. Dahabo akapanda tena mezani akanywa mbele ya watu wote, nami nikaona fahari, wageni waone nyumba hii ina huruma. Mama Saadia akatazama jagi, akasema, "Mashallah, maua mazuri." Na kwetu mgeni akikisifu kitu chako, unampa. Nikachomoa tawi lililojaa maua, nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikamkabidhi mlangoni. Akalipokea kwa mikono miwili.

Jioni Dahabo akaanza kutokwa na mate. Akatapika, akawa anayumba kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nikadhani ni sambusa. Nikamsomea, nikamlambisha maziwa, akayakataa. Baba Hodan aliporudi kutoka soko la mifugo alimtazama paka, kisha akalitazama jagi.

"Haya maji nani ameyanywa?"

Nikamwonyesha Dahabo kwa kidole. Akayamwaga shimoni, akanawa, akatoka kumtafuta daktari wa mifugo. Akaambiwa yuko Ijara anachanja ng'ombe. Alivyorudi nikaanza kujitetea, kwamba mnyama anajua mwenyewe. Akasema polepole, "Mbuzi alitembea na mama yake porini, akafundishwa. Huyu mama yake alimfundisha nini? Jiko."

Afadhali angenifokea.

Adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa Dahabo alikuwa ameshapoa mwili. Nilikuwa namfukia nyuma ya ukuta ndipo lile tawi likanijia akilini. Kule kwa Mama Saadia kuna wajukuu wanaotambaa na kutia kila kitu mdomoni, na paka pia. Nilipaswa kuacha jembe pale pale nikimbie.

Sikukimbia. Nilifikiri, nitamwambiaje? Kwamba zawadi niliyokupa ulipokuja kuposa ni sumu? Watasema mama wa Hodan hana akili, au watasema neno baya zaidi. Jana nilifika mpaka duka la kona karibu na kwao, nikanunua sukari nisiyoihitaji, nikarudi nyumbani. Usiku niliomba msamaha kwa Mola wangu, na hata nilipokuwa naomba nilijua kwamba mtoto wa mtu anaweza kuwa anatafuna ua langu saa hiyo hiyo.

Kuhusu jagi ninaweza kusema sikujua. Kuhusu sukari ile nitasema nini?

Leo asubuhi nimemwambia Hodan yote. Akanisikiliza, akasema, "Hooyo, mama yangu, nenda. Wakinikataa, wanikatae." Hata kilemba hakikunikaa sawa, nimekwenda hivyo hivyo.

Mama Saadia amenipokea kwa chai. Nikamuuliza, "Abaayo, lile tawi liko wapi?" Abaayo ni dada, ndivyo tunavyoitana. Akaanza kulisifu upya! Nikamkata maneno. "Dada, ni sumu. Paka wangu amekufa."

Akaweka kikombe chini.

"Abaayo, mimi ni mtu wa Wajir. Nililijua kabla sijavua viatu. Nililitupa kwenye shimo la taka kabla sijafika hapa, nikanawa mpaka viwiko."

"Sasa mbona ulilisifu?"

"Ningesema nini? Naingia kwako mara ya kwanza, nimekuja kuomba binti, nianze kumfundisha mama yake nyumba yake? Nilidhani unanipima kama nina macho." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Na paka nilimwona akinywa. Nikakutazama, nikaona umetulia. Nikasema, mwenye nyumba anajua."

Akajifunika mdomo kwa mtandio. Wanawake wazima wawili sisi! Yeye alinyamaza kwa adabu, mimi nikatoa kwa adabu, na kiumbe wa Mungu alikuwa anakunywa katikati yetu.

Habari ya posa hakuna aliyeigusa. Nilipoinuka akasema tu, "Walete wale watoto wa paka niliowaona kwako. Paka wangu naye amezaa." Nimewapeleka ndani ya kapu. Mmoja amepokelewa, akalambwa kichwa kama wa nyumbani. Mwingine amepigwa kucha, nimerudi naye. Yuko hapa kwenye mtandio wangu, namnyonyesha maziwa ya mbuzi kwa pamba, analia, hanywi sana.

Baba Hodan ameubeba mti na kopo lake, amesema ataurudisha njia ya Wajir alikoutoa. Sikutoka kuuaga.

Mwanajuma, mlangoni kwako kuna yale maua meupe uliyopewa na wifi yako, na paka wako ana tabia ya kutafuna. Siyajui ni ya aina gani. Uliza leo, na mpaka ujibiwe yatoe pale, na maji yake usiyaache wazi. Wifi akinuna, anune. Na kama kuna mtu huko anayejua kumlea mtoto wa paka asiye na mama, niandikie, kwa sababu huyu amechoka na mimi sijui nifanye nini tena. Dereva wa gari la Masalani anarudi Jumamosi, mpe yeye barua.

Tafadhali nijibu upesi.