Miaka ya Nzige na Miaka ya Mawe

Nyanya mpendwa (Mama akusomee polepole),

Sijawahi kumwambia mtu: naogopa masomo yatanitenga nawe. Leo kwenye machimbo ya mawe ya kuchonga huko Tabaka mwalimu ametufundisha kwamba umri wa dunia umegawanywa katika enzi, na enzi katika vipindi visivyolingana urefu, vingi vikiishia pale viumbe wengi walipotoweka.

"Kalenda gani hiyo, mwalimu?" rafiki yangu Moraa akacheka.

Nikajikaza. "Hata nyanya yangu huhesabu hivyo. Husema kabla ya nzige kuvamia mashamba, baada ya nzige."

"Basi nyanya yako ni mwenzetu," mwalimu akasema.

Machozi yakanilengalenga kwa furaha. Sasa mvua inanyesha na vumbi la mawe limekuwa uji mweupe. Ujifunike vizuri, Nyanya, usichume chai kwenye umande. Nimeingia chini ya paa la wachongaji, nikaazima kalamu, nikakuandikia.

Kemunto wako