Kefa kanipa shikamoo

Obedi, nimetoka kwa Kefa sasa hivi. Nimekaa tu hapa Miyuji kando ya barabara.

Yale matibabu ya umeme kichwani yamemsaidia. Pombe hataki hata kuisikia.

Ila kanipa shikamoo. Kefa! Tuliyeingia naye jando siku moja kule Mlali. "Shikamoo mzee, karibu." Nikadhani ni utani wake. Nikamwambia, "Acha ujinga, mbwa wewe!" Akamgeukia mkewe: "Mama Lulu, huyu mzee nimemkosea nini?"

Shikamoo, Obedi. Mimi.

Mkewe, Hilda, akanivuta pembeni. Daktari kawaambia umeme ule unaweza kufuta baadhi ya kumbukumbu, na labda zitarudi. "Lakini shemeji, wewe ukirudi kichwani mwake, viroba vya pombe navyo vinarudi. Usije tena, nakuomba."

Sijawahi kukaa na Kefa bila kiroba mkononi.

Kefa akanisindikiza mpaka getini, mkono begani kwangu kama zamani. Akasema, "Mzee, hujaitikia shikamoo yangu."

Hilda alikuwa mlangoni ananitazama.

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu."