Fundo la Nyasi Njia ya Bwawani

Kasulu, Jumamosi, 12 Julai 1975

Nitaandika yote, hata ninayoona aibu kuyawaza kuhusu jirani yetu, Mzee Ruhaga.

Bwawa ni la wote. Mwindaji akiingia kwenye kibanda cha majani kuvizia bata, hufunga nyasi fundo njiani, ili mwenzake asielekeze bunduki upande huo. Leo baba alifunga. Nilipompelekea uji, fundo lilikuwa limefunguliwa, na Mzee Ruhaga alikuwa ng'ambo, gobore lake likitutazama.

"Labda mbuzi, mwanangu," alisema Mzee Ruhaga akicheka nilipomuuliza kuhusu fundo. "Ningejua mmo ningerudi."

Baba ameridhika. Lakini mbuzi hula nyasi, hafungui fundo.

Nimemwandikia binti wa Mzee Ruhaga, ninayekaa naye dawati moja. Natumaini nakosea. Barua yangu inasema: "Anastazia, nijibu Jumatatu: baba yako alijua kwamba baba yangu yumo?"